Nukta ya Buluu kwenye Gego la Sikudhani

Naomba kwanza ijulikane kwamba serikali yetu inayapenda meno yetu. Nalisema hili mapema asije mtu akadai kwamba Chande mchimba visima hana shukrani. Nchi yenyewe siitaji jina. Si woga, ni kwamba jina hubadilishwa kila anapoingia mkubwa mpya, na la mwisho sikulishika. Elimu yangu ni darasa la nne na nusu. Ile nusu ilikatika kwa sababu paa la darasa liliezuliwa na upepo, na kamati iliyotumwa kulitafuta haijarudi mpaka leo. Kwa hiyo mkiona nimekosea hesabu mnivumilie. Hesabu za habari hii nimefundishwa na profesa.

Wilayani kwetu hakuna daktari wa meno. Hajawahi kuwapo, hata wa kupita njia. Lakini tafiti za meno tumefanyiwa saba. Utafiti wa kwanza ulichunguza kama tunayo meno, ukagundua tunayo. Wa pili ulikuja kuhakiki kama wa kwanza ulisema kweli. Wa tatu ulitaka kujua kwa nini hatuendi kwa daktari wa meno. Ikaonekana ni kwa sababu ya mila zetu. Wa nne ukazichunguza hizo mila. Tatu zilizofuata zilifanyikia hotelini mkoani na hazikutufikia, lakini tulisikia redioni kwamba wananchi walitoa ushirikiano mkubwa.

Huu wa nane ndio ulioniachia kitanda kipana.

* * *

Walikuja kwa magari kumi na moja. Niliyahesabu nikiwa nimetoa kichwa tu nje ya kisima cha shule nilichokuwa nachimba, macho yangu usawa wa matairi. Gari la kwanza lilimbeba Profesa. La pili lilibeba mwavuli wa Profesa. Ya nyuma yalibeba viti, jenereta, maji ya chupa, mabango yenye picha ya mdomo mkubwa kama pango, na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makofi ya kwanza ili sisi tufuate.

Profesa Lwambano, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Vinywa, ana meno meupe mpaka unahisi yanakutazama. Alipanda juu ya kiti akafungua mikono.

"Ndugu wananchi! Kinywa ni lango la taifa! Taifa lisilojua idadi ya mashimo yaliyomo katika meno ya watu wake ni taifa linalotafuna gizani! Leo tumekuja kuwasha taa!"

Yule wa makofi akapiga. Tukafuata.

Mke wangu Sikudhani akanyoosha mkono, unga wa vitumbua bado umeganda vidoleni. "Profesa, mmekuja na koleo?"

Watu wakaangua kicheko. Sikudhani alikuwa hivyo. Aliuza vitumbua pale shuleni miaka kumi na tisa, na hakuna mwalimu mkuu aliyepita bila kutaniwa. Lakini swali lake halikuwa la utani. Gego lake la chini, upande wa kulia, lilikuwa linamsumbua tangu mavuno.

"Mama," Profesa akasema kwa upole kama anamlaza mtoto, "koleo ni matibabu. Sisi ni utafiti. Matibabu huondoa tatizo. Sasa tatizo likiondoka, mimi nitachunguza nini?"

Makofi.

Akaeleza kwamba vijiji vimepigiwa kura. Wenzetu wa Ng'ambo, upande wa pili wa kijito, walikuwa Kundi la Kwanza: watawekewa kiti cha meno, daktari, na sindano za ganzi kwa miaka miwili. Sisi tulikuwa Kundi la Pili: hatutapewa kitu, na tutahesabiwa kila baada ya miezi mitatu, ili ijulikane mtu asiyepewa kitu huwa anapata nini.

"Msijione mmeachwa," akasema. "Ninyi ndio kipimo! Bila maumivu yenu, nafuu ya wenzenu haina maana kisayansi!"

Mwenyekiti wetu wa kijiji akasimama, akavua kofia, akashukuru kwa niaba yetu sote kwa heshima kubwa ya kuchaguliwa kuwa kipimo.

* * *

Nyumbani kwetu alikuja mdadisi, Bi Enelisi, mwanamke mstaarabu, shikamoo zake kamili. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni na kishikwambi mapajani, akasema maswali ni mia moja na kumi na manne.

"Mama, katika mwaka uliopita umewahi kukosa huduma ya meno uliyoihitaji?"

"Nimekosa. Hili gego, mwanangu, linapiga ngoma."

"Uliitafuta?"

"Ningeitafutia wapi? Uvunguni?"

"Kwa hiyo hukuitafuta."

"Haipo!"

"Mama, asiyeitafuta huduma hahesabiki kuwa ameikosa. Naandika: hajakosa."

Sikudhani akanigeukia. Mimi huniita Baba Siwema, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali. "Baba Siwema, umesikia? Kumbe sijakosa. Na mimi nilikuwa nalia bure."

"Swali la thelathini na mbili," Bi Enelisi akaendelea, macho kwenye kioo. "Unaridhika kiasi gani na huduma ambayo hujaikosa? Sana, sana kabisa, au kupita kiasi?"

Walipofika mwisho, akatoa kichupa cha rangi na brashi nyembamba kama unyoya. Akamwambia Sikudhani afunue mdomo. Kila jino bovu lilitiwa nukta ya buluu, na Sikudhani alikuwa nalo moja tu. Rangi ile, akasema, haitoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa chumvi.

"Hili sasa ni Jino la Utafiti namba mia nne na kumi na saba," akasoma, na sauti yake ikashuka. "Kwa Sheria ya Ulinzi wa Sampuli, yeyote atakayeling'oa, kulitoboa, kulijaza au kulipunguzia maumivu kabla ya miaka miwili kwisha, atafungwa miaka mitano. Awe mwenye jino, awe msaidizi wake."

"Likianguka lenyewe?" nikauliza.

"Atahojiwa."

"Nani, jino?"

Bi Enelisi akacheka, kisha akageuka haraka kutazama kama Profesa yuko karibu.

Sikudhani akapitisha ulimi juu ya nukta. "Haya. Serikali imehamia mdomoni mwangu. Na itakula vitumbua vyangu bila kuosha sahani."

* * *

Mwezi wa nne gego likageuka. Halikupiga ngoma tena. Lilichimba, na mimi kuchimba nakujua. Shavu likavimba. Nikampeleka gulioni kwa Bi Tatu, ambaye watu humwita Bi Tatu Koleo. Mwanamke huyu ameng'oa nusu ya wilaya kwa kigoda kimoja, chumvi, karafuu na mkono usiotetemeka.

"Karibu shoga, kaa. Wewe Chande mshike kichwa. Fungua mdomo, mama, usiogope, nimeng'oa wakubwa waliolia kuliko utakavyolia wewe." Akachungulia. Akaruka nyuma kama amemwona nyoka. "Toka! Toka kwenye kigoda changu! Mnaniletea serikali hapa?"

"Bi Tatu, ni jino tu."

"Jino? Hilo lina muhuri! Juzi wamemchukua Kisoma, yule wa juu kwenye mihogo, kwa kumsukutulisha mkewe maji ya karafuu. Maji ya karafuu, Chande! Wamesema amepunguza maumivu bila kibali."

"Basi tuifute kwanza hiyo nukta."

"Nimeshajaribu kwa mwingine. Nilisugua mpaka jino likabaki nukta tupu." Akamshika Sikudhani bega, sauti ikalegea. "Shoga yangu, ungekuwa na mengine yote mabovu ningekung'olea sasa hivi bila kukuomba hata kitumbua. Lakini hilo lina mwenyewe."

* * *

Tukaenda Ng'ambo. Kijito kilikuwa cha magotini. Nikambeba Sikudhani mgongoni, naye akaninong'oneza kwa mdomo usiofunguka kwamba tangu harusi sijambeba, ilibidi shavu livimbe.

Chumba cha meno kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe. Ndani kulikuwa na kiti kipya, nailoni yake bado haijatolewa, kabati la vioo lenye sindano zimepangwa kama vijiko vya harusini, na daktari anayesoma gazeti. Watu wa Ng'ambo walikuwa wameshatibiwa wote ndani ya wiki mbili. Tangu hapo daktari alikuwa akisoma gazeti lilelile.

Mlangoni alisimama askari. "Kundi gani?"

"La wagonjwa."

Askari hakuwa mtu wa mzaha. Akamfunua Sikudhani mdomo kwa kidole gumba, akaiona nukta. "Kundi la Pili hampiti. Mtachafua takwimu."

"Miguu tumeosha mtoni."

Daktari akainua uso. Akamwona Sikudhani, na nilimwona akimwona. Akainuka nusu. Kisha akakumbuka kitu, akakaa.

"Mama," akasema kutoka kitini, "ukipona wewe, itaonekana Kundi la Pili linapona bila kupewa kitu. Watasema kiti hiki hakina kazi, watakiondoa. Unataka watu wa Ng'ambo wakose huduma kwa sababu yako?"

Sikudhani akatikisa kichwa. "Sitaki, mwanangu. Nisamehe."

Alimwomba msamaha! Mwanamke mwenye usaha kinywani alimwomba msamaha mtu mwenye ganzi kabatini.

Tukaambiwa kuna Kibali cha Kuhama Kundi. Hutolewa na kamati, na kamati hukaa mara moja kwa mwaka, na mwaka huo ilikuwa imeshakaa. Nikaazima simu, nikapiga namba iliyoandikwa chini ya bango la mdomo. Akapokea Profesa mwenyewe.

"Profesa, mke wangu amevimba."

"Kiasi gani?"

"Kama ngumi."

"Ngumi ya nani, mzee? Sayansi haiendi kwa ngumi. Nipe sentimita."

"Hali chakula siku ya tatu."

"Safi sana! Hiyo tunaihitaji. Msimguse. Msimpe kitu. Mdadisi atakuja Jumatano kupima." Na kabla hajakata akasema, "Mpe pongezi zangu."

* * *

Jumanne asubuhi Sikudhani akanyoosha kidole kwenye ukuta ninapotundika vifaa vyangu. "Baba Siwema. Lile koleo la kukatia waya. Ling'oe wewe."

Nikalichemsha. Nikalifuta. Nikakaa mbele yake kwenye mkeka, yeye akafunua mdomo mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa upana wa kidole kimoja. Nikaiona nukta. Kinywa chote kilikuwa kimeoza kwa uvimbe, lakini nukta ilikuwa safi, ya buluu, inang'aa, kama imetiwa jana. Mimi nimeshuka chini ya ardhi hatua thelathini kwa kamba ya katani na sikuwahi kuogopa. Pale niliogopa. Niliwaza miaka mitano. Niliwaza nani atamchotea maji mimi nikiwa ndani.

Nikaweka koleo chini. "Kesho Bi Enelisi anakuja. Nitamsihi."

"Haya, mume wangu," akasema. Hakunitania.

Niandike wazi, maana sitaki kusingizia watu peke yao. Wao walitia nukta. Mimi niliitii.

Jumatano Bi Enelisi hakuja. Magari yote kumi na moja yalikuwa mjini kwenye semina ya Mbinu za Kuwafikia Wasiofikiwa.

Uvimbe ukashuka shingoni. Alhamisi asubuhi ulimi ulikuwa umeinuka umeziba, na pumzi ikawa inaingia kwa mlio kama mtu anayevuta maji kwa mrija. Tulimfunga kwenye baiskeli, mimi na jirani, twende hospitali ya mkoa. Hatukufika. Saa nne, njia panda, chini kabisa ya lile bango la mdomo lililoandikwa KINYWA CHAKO, FAHARI YETU, mlio ukakoma. Nilisimama nikausubiri uanze tena. Jirani akasema, "Kaka Chande, mlaze chini." Nikamlaza.

Nimechimba visima arobaini na vitatu na vyoo visivyo na idadi. Kaburi lake nililichimba mwenyewe, nikawakatalia waliotaka kunipokea jembe. Ndilo shimo pekee ambalo nililichimba nikiomba lisifike mwisho.

* * *

Wiki ya tatu Bi Enelisi akafika na kishikwambi chake.

"Shikamoo baba. Mama yupo?"

"Yupo. Nifuate."

Nikampeleka nyuma ya nyumba, hatua sitini kutoka jikoni. Alipoona tuta la udongo akakaa chini palepale na nguo zake nzuri, akalia kilio cha kweli, hilo simnyimi. Kisha akafuta macho, akawasha mashine.

"Baba, haiendi mbele mpaka nichague. Zipo tatu. Amehama, amekataa kushiriki, au amepotea."

"Amekufa."

"Amekufa haimo."

"Itie."

"Siwezi, baba. Ilikuwemo, wakaitoa. Profesa alisema kwa jino hafi mtu, na ukiweka chaguo unawafundisha watu tabia."

"Sasa sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Hajahama, alizaliwa hapa. Hajakataa, hata kung'olewa alikubali. Na hajapotea, mimi najua alipo, nimempima kwa hatua. Sitaki pole wala sitaki ubani wa serikali. Nataka mstari mmoja: Sikudhani amekufa kwa jino namba mia nne na kumi na saba. Uandike huo, mimi na ninyi tumemalizana."

Kidole chake kikaenda kwenye kioo, kikarudi, kikaenda tena. "Nisamehe, baba." Akabonyeza: amepotea.

Siku nne baadaye akaja Profesa, na mwavuli wake. Hakuja kwa Sikudhani. Alikuja kwa jino.

"Mzee Chande, lile gego ni mali ya Taasisi. Liko wapi?"

"Liko na mwenyewe."

"Haliwezi kukosekana hivihivi. Ripoti ya awali inazinduliwa mwezi ujao, na kwenye namba mia nne na kumi na saba kuna pengo."

"Hata kwangu lipo, Profesa. Linalala upande wa ukutani."

Akasema pengo la takwimu huzibwa kwa mbadala: mtu wa nyumba ileile, chungu kilekile, maji yaleyale. Mtu huyo alikuwa mimi. Wakanifunua mdomo, wakahesabu meno thelathini na mawili, yote mazima. Profesa akasikitika kidogo, kisha akachagua gego la chini kulia, akatia nukta ya buluu kwa matarajio.

"Nitakubali," nikasema, "ukiniandikia mstari wangu. Kwamba amekufa."

"Mzee, hebu tumia akili. Wewe sasa ndiye namba mia nne na kumi na saba. Namba mia nne na kumi na saba yupo, anaongea nami, tena ananibishia. Amekufaje?"

"Basi nitasema mwenyewe siku ya uzinduzi."

"Utapewa nafasi," akasema. "Kinywa ni chako."

* * *

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa shule yetu, kando ya kisima changu. Kulikuwa na mahema, wageni kutoka nchi zenye madaktari, na yule bwana wa makofi, sasa ana wasaidizi wawili. Mimi nilikalishwa jukwaani, nimevaa fulana yenye picha ya mdomo.

Profesa akafungua kitabu kinene. "Ndugu zangu! Katika Kundi la Pili, watu wasiopewa huduma yoyote, maumivu makali ya meno yamepungua kwa asilimia sabini na moja!"

Makofi yakapasuka. Mimi nikahesabu kwa vidole. Walioandikwa wamepotea kijijini kwetu walikuwa kumi na wanne. Saba niliwachimbia mimi. Ni kweli kabisa, hakuna hata mmoja wao aliyelalamika tena.

"Haya si maajabu," Profesa akasema, "ni sayansi! Imedhihirika kwamba kinywa cha mwananchi wetu hujitibu kikiachwa kwa utulivu. Kiti cha Ng'ambo, kwa hiyo, kitarudishwa makao makuu, kikatumike pale kinapohitajika zaidi. Na ushahidi ninao hapa. Simama, mzee! Huyu, waheshimiwa, ni namba mia nne na kumi na saba. Miezi michache iliyopita alikuwa na shavu kama..." akatazama karatasi, "kama ngumi! Hali chakula, halali usingizi! Leo mwoneni! Hana uvimbe, hana usaha, hana maumivu, na hakuguswa na mtu!"

Wageni wakasimama wakapiga makofi wenyewe, bila kuanzishiwa.

Kwa hiyo Sikudhani alipona. Alipona akiwa mimi. Alipona mbele ya watu waliokula vitumbua vyake, na mwenyekiti wetu akapiga makofi, na mimi nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Mimi si yeye. Yeye amekufa." Lakini fundi wa jenereta alikuwa na maelekezo yake, na kipaza sauti kilikuwa kimekufa kabla yangu.

"Fungua mdomo, mzee, waone nukta," Profesa akasema, akaingiza kidole chake cha shahada mpaka kwenye gego.

Nikafunga.

Sikufikiri. Nilifunga kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake. Profesa alipiga ukelele ambao haukuhitaji jenereta. Watu wakapiga kelele, askari wakanivuta masikio, mwenyekiti akanibembeleza kwa jina la chama, na kutoka nyuma ya umati nikasikia sauti ya Bi Tatu Koleo: "Kaza, shemeji! Usikiachie! Kidole hicho hakina nukta!"

* * *

Helikopta ilifika kwa dakika kumi na nne. Nilizihesabu nikiwa chini, goti la askari mgongoni, macho usawa wa matairi kama siku ile ya kwanza. Walishuka madaktari watatu, mmoja wa kidole, mmoja wa kucha, mmoja wa kumtuliza. Sindano ya ganzi ilitolewa palepale, kwenye majani.

Mimi sijasoma, lakini huu nao ni utafiti. Kidole, dakika kumi na nne. Gego, miezi minne na kaburi. Sampuli zangu ni mbili tu, ila hakuna aliyepotea.

Mahakamani hakimu alisema meno yangu yametumika kama silaha, na silaha za raia sharti zitaifishwe. Nilihukumiwa miezi sita na meno manane: manne ya mbele juu, manne chini. Na kwa kuwa serikali yetu haifanyi mambo ya kienyeji, kile kiti cha Ng'ambo kililetwa gerezani kwa lori, na nailoni yake, pamoja na daktari wake. Redio ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia, huduma ya meno imewafikia wakazi wa Kundi la Pili.

Daktari akanikumbuka.

"Utasikia kama mbu," akasema.

"Daktari, kabla mdomo haujafa ganzi. Gego la chini lililovimba, kuling'oa huchukua muda gani?"

Akapima dawa kwenye sindano, akaigongagonga kwa ukucha. "Dakika kumi, mzee. Na vidonge vya wiki moja."

"Vidonge mlikuwa navyo siku ile?"

"Tulikuwa navyo."

Akang'oa meno yangu manane, mazima, meupe, moja baada ya jingine, akayapanga kwenye sahani ya chuma. Lile lenye nukta halikuguswa. Ni mali ya Taasisi, bado ninalo. Mwishoni akaja mtu na kishikwambi kuniuliza kama nimeridhika na huduma: sana, sana kabisa, au kupita kiasi. Nikamwomba anisaidie kutia mstari wangu mmoja. Akatafuta, akasema haumo. Basi nautia hapa, mahali ambapo mashine haifiki: Sikudhani binti Mfaume, muuza vitumbua, alikufa kwa jino, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, njia panda.

Watu wanaokuja kunitazama hunihurumia mdomo huu mtupu kwa mbele, huuliza niliumia kiasi gani. Nawaambia ukweli. Kiti kilikuwa laini. Daktari alikuwa na mkono mwepesi. Haikuuma hata kidogo.

Hilo ndilo sitawasamehe.